Pomboo Wangapi, na Wanakufa Wangapi?

Kati ya mwaka 1999 na 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stockholm wakishirikiana na Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Zanzibar waliwafuatilia pomboo wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, katika eneo la kilomita za mraba 26 tu. Hesabu waliyoipata inanitia wasiwasi kila nikiisoma. Pomboo wa jamii ya Tursiops aduncus, ambao ndio mgeni anayepanda boti Kizimkazi huwaona kwanza, walikadiriwa kuwa kati ya 136 na 179. Pomboo wenye nundu mgongoni, Sousa plumbea, walikuwa kati ya 58 na 65.

Manahodha, wenye boti, wapishi, wenye nyumba za wageni, vijana wanaokodisha miwani ya kuogelea: riziki ya watu wote hao imeegemea wanyama wasiofika 250. Kwa hiyo kila mkutano unaohusu Ghuba ya Menai, ambayo imekuwa eneo la hifadhi tangu 1997, hurudi kwenye swali lilelile: pomboo wanaongezeka au wanapungua? Ni swali la haki. Tatizo lake ni kwamba jibu huchelewa sana kufika, na kwa mnyama anayezaa polepole namna hii kuchelewa kunaweza kumgharimu uhai wake wote katika eneo husika. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba kuwahesabu walio hai ni kazi ya lazima lakini haitoshi kuwa msingi wa maamuzi. Wanaokufa, na vitu vinavyowaua, vinapaswa kuhesabiwa kwa bidii kubwa zaidi, kwa sababu hapo ndipo hatua inaweza kuchukuliwa mapema.

Tuanze na hao walio hai, maana njia ya kuwahesabu ni nzuri na inastahili kueleweka.

Kazi yote inaanzia kwenye pezi la mgongo. Nahodha akishaliona kundi hupunguza mwendo. Haliendei kwa mbele wala halikatii njia. Hulifuata kwa ubavuni mpaka boti na pomboo wakaenda sambamba. Mpiga picha husubiri mnyama aibuke kuvuta pumzi, na nafasi anayoipata haizidi sekunde moja au mbili. Anachokitafuta ni ukingo wa nyuma wa pezi. Hapo ngozi ni nyembamba, humeguka kwa meno ya wenzake, kwa papa au kwa nyuzi za nyavu, na palipomeguka hapajai tena. Mmoja atakuwa na mapengo mawili karibu na ncha, mwingine ncha yote imekatika, mwingine ana kovu refu linaloteremka hadi mgongoni. Pezi hupigwa picha upande wa kushoto na wa kulia, jua likiwa nyuma ya mpiga picha. Pembeni yupo mtu wa kuandika: saa, mahali kwa GPS, hali ya bahari, ukubwa wa kundi, watoto wangapi, wanafanya nini. Wakirudi nchi kavu, kila picha hulinganishwa na zile za miaka iliyopita, pezi kwa pezi, siku hizi kwa msaada wa programu za kompyuta ingawa jicho la mtu ndilo huamua mwisho. Aliyekwisha kujulikana huongezewa tarehe katika jalada lake. Asiyejulikana hufunguliwa jalada jipya.

Njia hii ilienea baada ya Bernd na Melany Würsig kuonyesha mwaka 1977, kwa pomboo wa pwani ya Argentina, kwamba picha peke yake inatosha kumtambua mnyama mmoja mmoja bila kumkamata. Huko Sarasota, Florida, pomboo wa ghuba moja wamefuatiliwa tangu 1970, na kwa sababu ya uvumilivu huo leo tunajua kwamba pomboo jike anaweza kuishi zaidi ya miaka 60.

Kutoka kwenye majalada hayo hadi kwenye idadi kuna hesabu nyepesi. Tuseme wiki ya kwanza tumewatambua pomboo 40. Wiki ya pili tunawatambua 40 tena, na 10 kati yao ni wale wa wiki ya kwanza. Kama robo ya tuliowaona mara ya pili walikwisha kujulikana, basi wale 40 wa mwanzo ni karibu robo ya wote, na wote ni kama 160. Mifumo inayotumiwa na wataalamu ni tata kuliko hivi, lakini wazo ni hilohilo. Na udhaifu wake unaonekana hapohapo. Hesabu inachukulia kwamba kila mnyama ana nafasi sawa ya kupigwa picha, wakati wapo wanaoikimbia boti na wapo wanaoifuata. Watoto wana mapezi laini yasiyo na alama, hivyo hawamo katika majalada na inabidi wakadiriwe kwa njia nyingine. Upepo wa kusi ukishika kasi bahari huchafuka kiasi kwamba boti ndogo haiwezi kufanya kazi hiyo, na miezi hiyo hubaki na data kidogo.

Tena pomboo hawakai mahali pamoja. Upande wa Kenya, katika eneo la hifadhi ya bahari la Kisite-Mpunguti, mbele ya Shimoni na Wasini, tafiti za 2006 hadi 2009 zilionyesha idadi ikipanda na kushuka kati ya 19 na 104 kadiri misimu ilivyobadilika. Hawakufa 85 wakazaliwa tena 85. Walikuwa wakiingia na kutoka. Mtu ambaye angehesabu mara moja tu, katika kipindi chao cha kupungua, angetangaza msiba. Mwingine angefika wakati wamejaa akasema mambo ni shwari. Ndiyo maana hesabu ya mara moja, hata ikifanywa na wataalamu wa aina gani, haina thamani kubwa kwa mtu anayetaka kujua mwelekeo.

Sasa hebu tuangalie kinachotokea hata pale hesabu zinaporudiwa kwa utaratibu. Mwaka 2007 Barbara Taylor na wenzake walipima uwezo wa tafiti za Marekani zenyewe, nchi yenye meli za utafiti, ndege na bajeti. Waliuliza: kama idadi ya wanyama wa baharini ingeporomoka kwa nusu ndani ya miaka 15, tafiti zinazofanyika zingegundua? Kwa pomboo na jamaa zao, katika asilimia 78 ya makundi jibu lilikuwa hapana. Nusu ya wanyama wangepotea na takwimu zisiseme kitu, kwa sababu kila kadirio lina ukungu wa kosa pande zote mbili, na mporomoko hujificha ndani ya ukungu huo. Ikiwa hali ni hiyo kwa taifa tajiri, mradi wa boti moja unaofadhiliwa miaka mitatu kisha ukafungwa hauwezi kutegemewa kutuamsha usingizini.

Dunia ina ushahidi mchungu wa hili. Mwishoni mwa mwaka 2006 msafara wa kimataifa ulipita Mto Yangtze nchini China kwa wiki 6 ukimtafuta pomboo wa mto huo, baiji, na haukumwona hata mmoja. Katika Ghuba ya California huko Mexico, vakita, jamaa mdogo wa pomboo, walikadiriwa kuwa karibu 600 mwaka 1997; ilipofika 2018 hawakufika 20. Vakita alihesabiwa kwa ustadi mkubwa, kwa meli na kwa vinasa sauti vilivyopangwa chini ya bahari mwaka baada ya mwaka, na kilichokuwa kikimuua kilijulikana tangu mwanzo: nyavu za kunasa kwa matamvua. Alihesabiwa vizuri huku akiisha.

Nyavu za aina hiyo tunazo. Katika pwani yetu jarife hutegwa jioni kwa ajili ya nguru, jodari, papa na taa, ama likielea na mkondo, ama likiwa limekaa chini, na hutolewa alfajiri. Pomboo hupumua hewa kama sisi. Akijinasa hawezi kuibuka, na kabla mvuvi hajafika amekwisha kufa maji. Mvuvi hakumtaka, na mara nyingi wavu wake umeharibika. Mwaka 1999 watafiti Omar Amir, Per Berggren na Narriman Jiddawi waliwahoji wavuvi wa majarife wa Unguja, nao wakakumbuka pomboo 96 walionaswa tangu 1995. Hiyo ni idadi ya waliokumbukwa na kutajwa. Utafiti uliofuata, ambao uliweka waangalizi ndani ya vyombo vya uvuvi, ulithibitisha kwamba vifo ni vingi kuliko idadi ya pomboo inavyoweza kuhimili.

Ili kuona uzito wa jambo hili inabidi tufanye hesabu kidogo. Jike hubeba mimba ya takribani mwaka mmoja, huzaa mtoto mmoja, humnyonyesha kwa muda mrefu na hupumzika miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Ndiyo maana, pale ambapo hakuna takwimu za eneo husika, wataalamu huchukua kwamba kundi la pomboo katika hali nzuri kabisa haliwezi kukua kwa zaidi ya asilimia 4 kwa mwaka. Marekani ilipobadilisha sheria yake ya mamalia wa baharini mwaka 1994 iliweka kanuni inayofuata mantiki hiyo: chukua kadirio la chini la idadi, zidisha kwa nusu ya ukuaji huo, yaani asilimia 2, kisha punguza tena kwa ajili ya tahadhari. Tukiiweka Kizimkazi, asilimia 2 ya pomboo 136 ni wawili na kitu. Tukipunguza kwa nusu kama tahadhari inavyotaka, anabaki mmoja na kitu. Kwa maneno mengine, watu wa kusini ya Unguja wakiua pomboo wawili kwa mwaka, kwa makusudi au kwa bahati mbaya, tayari wamevuka mstari.

Naomba msomaji alione hili lilivyo. Kugundua kwamba 150 wamekuwa 140 ni kazi ya miaka mingi na fedha nyingi, na pengine isiwezekane. Kugundua kwamba mwaka huu pomboo watano wameletwa madikoni ni kazi ya mtu mwenye daftari. Daftari hilo linatosha kutoa uamuzi, mradi kadirio la idadi lipo, na kwa Kizimkazi kadirio lilikuwapo zaidi ya miaka 20 iliyopita.

Tena maiti hufundisha mambo ambayo boti ya utafiti haiwezi kuyaona. Kati ya 2000 na 2002 Amir na wenzake walikusanya matumbo ya pomboo 26 walionaswa kwenye nyavu kuzunguka Unguja. Tumboni samaki husagika, lakini vijiwe vya masikio yake hubaki. Ni vidogo, vingine havizidi punje ya mchele, na kila jamii ya samaki ina umbo lake. Kwa kuvipanga chini ya darubini walitambua jamii 50 za samaki na 3 za ngisi. Chakula kikubwa cha pomboo wakubwa kilikuwa mkunga mwembamba wa sakafu ya bahari, Uroconger lepturus, ambaye hamletei mvuvi wa jarife pato. Kwa hiyo lile lalamiko la zamani kwamba pomboo anamaliza nguru wetu lilijibiwa na vijiwe vya masikio. Meno nayo yana pete za umri, ngozi inatoa vinasaba, mafuta yanaonyesha sumu alizokula. Kila pomboo anayezikwa ufukweni bila kupimwa ni elimu iliyopotea, na naiona hasara hiyo kuwa kubwa kuliko mwaka mmoja bila picha za mapezi.

Baada ya nyavu, wanafuata watalii. Kizimkazi iliwahi kuwavua pomboo kwa ajili ya nyama na chambo cha papa. Utalii ulianza mwaka 1992 na uvuvi huo ukakoma 1996. Ni badiliko ambalo kijiji kinapaswa kujivunia. Lakini boti zimekuwa nyingi, na asubuhi ya msimu wa wageni utaona kundi moja la pomboo likizingirwa, injini zikinguruma, waogeleaji wakirushwa majini mbele ya wanyama, pomboo wakizama na boti zikikimbilia mahali wanapotarajiwa kuibuka. Utafiti uliochapishwa 2010 ulionyesha kwamba mbele ya boti pomboo wa Kizimkazi hupunguza mapumziko na muda wa kuchangamana, na muda huo huutumia kusafiri. Jike anayenyonyesha anaposafiri badala ya kupumzika hulipa kwa maziwa.

Je, hayo yanafika kwenye idadi? Kwingine yamefika. Huko Shark Bay, magharibi mwa Australia, Lars Bejder na wenzake walilinganisha sehemu yenye boti za watalii na sehemu jirani isiyo nazo. Kampuni zilipoongezeka kutoka moja hadi mbili, pomboo wa sehemu ya utalii walipungua kwa asilimia 14.9, yaani takribani mmoja katika kila saba. Serikali ya jimbo ilirudisha leseni kuwa moja. Waliweza kusema hivyo kwa uhakika kwa sababu mbili: walikuwa na picha za miaka mingi, na walikuwa na eneo la kulinganishia. Idadi ya boti kwa kila kundi ni kitu ambacho mtu aliyekaa ufukweni na darubini ya mkono anaweza kukihesabu kila siku. Hakihitaji shahada.

Kuhusu tishio la kelele baharini nitapita haraka, ingawa kuna kisa kimoja nisichoweza kukiacha. Mwaka 2015 timu iliyoongozwa na Gill Braulik ilipita pwani ya Tanzania na chombo kilichokokota haidrofoni, ili kusikia pomboo na nyangumi walipo. Katika siku 31 na kilomita 2,692, vifaa hivyo vilinasa pia milipuko 318 ya baruti. Asilimia 62 ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Pomboo hutafuta chakula, njia na wenzake kwa kusikia. Kwake baruti ni pigo hata pale ambapo haimuui. Utafiti wa pomboo ukawa umetoa picha ya uvuvi haramu wa nchi nzima, jambo ambalo doria za nchi kavu hazikuwa zimeweza, na operesheni za vyombo vya dola zilizofuata ziliupunguza sana uvuvi huo.

Liko suala jingine ambalo ramani za hifadhi hulisahau. Vinasaba vimeonyesha kwamba pomboo wa Kizimkazi na wale wa Nungwi, kaskazini mwa kisiwa hichohicho, wanatofautiana kiasi cha kuhesabiwa kama makundi mawili, ingawa kati yao hazifiki kilomita 100 za bahari wazi. Hakuna ukuta, hakuna mkondo usiovukika. Majike hubaki walikozaliwa, wakifundisha watoto wao miamba na njia zao. Maana yake ni kwamba kusini wakiisha, kaskazini hawatahamia kuziba pengo katika muda ambao mwanadamu anaweza kuusubiri. Mwishoni mwa Aprili 2006 pomboo wapatao 400 walikutwa wamekufa ufukweni Nungwi, na waliochunguzwa walikuwa na matumbo matupu. Nadharia zilikuwa nyingi. Kilichoniumiza mimi ni jambo moja: msiba ule ulichukua katika siku moja pomboo wengi kuliko wote waliokadiriwa kuishi kusini, huku jicho la utafiti likiwa Kizimkazi, waliko watalii.

Kwa upande wa pomboo wenye nundu hatuna hata nafasi ya kujadiliana sana. Hukaa kwenye maji ya kina kifupi karibu na nchi, kuanzia Afrika Kusini, kupita kwetu na Oman, hadi India, na huko ndiko zilikojaa nyavu, bandari na maji taka. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, liliwaweka kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Afrika Kusini ilifanya jambo la maana: watafiti walikubali kuunganisha picha zao zote za mwaka 2000 hadi 2016. Walipoondoa waliojirudia walibaki na pomboo 247, na wakakadiria kwamba nchi nzima ina wasiofika 500. Hapakuwa na boti mpya wala fedha nyingi. Walifungua tu makabati. Shimoni na Pemba zinatazamana, na pomboo hagongi muhuri mpakani. Majalada ya Kisite, Watamu, Pemba na Menai yakikaa kwenye mfumo mmoja, yakilindwa na taasisi za Kenya na Zanzibar zenyewe, tutajua nani anavuka na nani havuki. Picha zilizopigwa kwetu zikibaki kwenye kompyuta za Ulaya, mradi ukiisha tunaanza moja.

Nani basi ashike daftari la vifo? Kamati za wavuvi za shehia zipo, na zinajua kila chombo kinachotoka na kila wavu unaorudi umeraruka. Mvuvi akileta habari ya pomboo aliyenaswa iandikwe: aina ya wavu, mahali, kina, saa ya kutega na kutoa, urefu na jinsia ya mnyama, kisha jino moja na kipande cha ngozi viende Taasisi ya Sayansi za Bahari. Sharti lake ni moja, na lisipotimizwa daftari litabaki tupu: atakayeripoti kifo cha bahati mbaya asiadhibiwe. Mtu akijua kwamba akisema atanyang'anywa wavu, atamzamisha pomboo na jiwe. Vifaa vidogo vya kupiga mlio vinavyofungwa kwenye nyavu vilijaribiwa Zanzibar na kuonyesha kwamba vinaweza kupunguza vifo, lakini vinataka betri na vinagharimu fedha ambazo mvuvi wa jarife hana. Mgeni anayeondoka Kizimkazi amekwisha kulipia kuwaona pomboo. Sehemu ya fedha hiyo, ikatwe kwenye ada kabla haijagawanywa, inunulie vifaa hivyo vyombo vya kusini kwanza na vya Nungwi vifuate, na imlipe mwandishi wa kila diko ujira wa mwaka mzima, pamoja na ile miezi ya kusi ambayo mtafiti na mtalii wote wawili hawapo baharini lakini jarife lipo.